Kusikia Toni ya Wahusika wa Kiingereza: Maandishi, Sauti, Filamu au Tafsiri?

Kuna sentensi za Kiingereza ambazo kila neno lake unalijua, na bado huwezi kusema zimetamkwa kwa upole au kwa uchungu. Mhusika anasema "I feel fine", nawe huna hakika kama kweli ni mzima. Mwingine anasimama mbele ya umati na kumsifu mwenzake kuwa ni mtu wa heshima, na muda si mrefu umati uleule unakwenda kuchoma nyumba ya huyo msifiwa. Kamusi haifui dafu hapo. Neno unalijua, usichokijua ni namna lilivyotoka mdomoni.

Jambo hili linamkuta mwanafunzi wa fasihi anayejiandaa kwa mtihani, linamkuta mwalimu wake, mfasiri, na hata yule anayesoma riwaya kwa raha zake tu. Njia za kulikabili ni nne: kusoma maandishi yenyewe kwa jicho kali, kusikiliza kitabu cha sauti, kutazama filamu au mchezo wa jukwaani uliorekodiwa, na kusoma tafsiri ya Kiswahili sambamba na Kiingereza chake. Kila njia ina watu wanaoiapia. Hapa nazipima zote kwa mistari mitatu ileile, ili isiwe moja imepewa kazi nyepesi na nyingine nzito.

Mistari ya kupimia

Wa kwanza ni wa Antony katika tamthilia ya Shakespeare, Julius Caesar, iliyoandikwa yapata 1599. Caesar, mtawala wa Roma, ameshauawa. Brutus, mmoja wa wauaji, ameshajieleza mbele ya umma, na umma umemkubali. Antony, rafiki wa Caesar, anapewa nafasi ya kuzungumza kwa sharti kwamba asiwalaumu wauaji, naye kweli hawalaumu. Anasema "Brutus is an honourable man", anataja jema moja la Caesar, anarudia kwamba Brutus ni mtu wa heshima, anataja jema jingine, anarudia tena. Sifa ni ileile mwanzo hadi mwisho, lakini kila inaporudi inazidi kuchoma.

Wa pili unatoka sura ya kwanza ya Pride and Prejudice ya Jane Austen, riwaya ya 1813. Mrs Bennet anamlalamikia mumewe kwamba hazionei huruma neva zake, yaani wasiwasi na mishtuko yake ya kila mara. Mr Bennet anamjibu kuwa amekosea, kwamba neva hizo anaziheshimu sana: "They are my old friends." Amezisikia zikitajwa kwa miaka ishirini.

Wa tatu ndio mgumu kuliko yote. Katika hadithi fupi ya Hemingway ya 1927, Hills Like White Elephants, mwanamume Mmarekani na msichana aitwaye Jig wanakunywa bia kwenye kituo cha reli bonde la Ebro, Uhispania, wakisubiri treni ya kwenda Madrid. Mwanamume anambembeleza msichana akubali upasuaji fulani. Msomaji anaelewa kuwa ni kutoa mimba, ingawa jambo lenyewe halitajwi kwa jina popote. Mwishoni mwanamume anamuuliza kama sasa anajisikia nafuu. Anajibu: "I feel fine. There's nothing wrong with me. I feel fine." Hadithi inaishia hapo.

Maandishi peke yake

Watu wengi huona hii ni njia ya wanyonge, ya asiye na bando wala televisheni. Mimi naiweka mbele ya zote, na nitaeleza kwa nini kwa kirefu, maana humo ndimo mwandishi mwenyewe alimoacha alama zake.

Alama ya kwanza ya kutafuta ni jibu la anayesikiliza. Ukitaka kujua sentensi imesemwa kwa toni gani, usiikodolee macho hiyo sentensi, soma inayofuata. Antony akiendelea na "honourable men" zake, raia mmoja katika umati anapaza sauti: "They were traitors: honourable men!" Huyo raia amekufanyia kazi yote. Amelichukua neno la sifa akalitema kama tusi, na hivyo unajua kwamba kufikia hapo kinaya cha Antony kimeshaingia masikioni mwa watu. Rudi nyuma hadi hotuba inapoanza utaona kwamba raia hao hao walikuwa upande wa Brutus. Kwa hiyo toni haikuwa moja tangu mwanzo. Imepanda ngazi kwa ngazi. Mwanafunzi anayeandika kwenye mtihani kwamba "Antony anatumia kejeli" amesema kweli, lakini aliyeonyesha kejeli hiyo inaanza kusikika wapi, na nani ameisikia kwanza, ndiye aliyeisoma tamthilia.

Shakespeare hakuandika maelekezo mengi ya jukwaani, ila aliyaficha ndani ya maneno ya wahusika. Antony anawaambia watu kwamba moyo wake umo jenezani pamoja na Caesar na hana budi anyamaze kidogo hadi umrudie. Hapo unajua kuna kimya, na unajua sauti yake imekatika, au amejifanya imekatika. Wakati amenyamaza, raia wananong'onezana kwamba kuna ukweli katika asemayo. Kimya kile kimefanya kazi yake. Waandishi wengine wa tamthilia hawakumwachia msomaji kazi kubwa hivyo. George Bernard Shaw aliandika maelekezo marefu yanayosema hata mhusika anafikiri nini anapofungua mdomo. Harold Pinter naye aliandika penye kituo na penye ukimya. Ukimsoma Shaw, karibu kila kitu umeshapewa. Ukimsoma Shakespeare, chimba.

Sasa mstari wa Mr Bennet. Jibu la mkewe ni kwamba mumewe hajui mateso anayoyapata. Hakucheka, hakukasirika kwa kutaniwa. Utani wenyewe umempita pembeni. Hii inatuonyesha kwamba kanuni ya kutazama jibu ina mpaka, kwa sababu msikilizaji aliyemo kitabuni naye anaweza asielewe, na wakati mwingine mwandishi amekusudia hivyo. Bahati nzuri Austen hakutuacha. Sura inapofungwa, msimulizi anasema Mr Bennet ni mchanganyiko wa akili nyepesi, dhihaka, ukimya na vituko, kiasi kwamba miaka ishirini na mitatu ya ndoa haikutosha kumfanya mkewe amwelewe. Soma sura ile mara ya pili ukiwa na maelezo hayo, na kila jibu la mzee huyo litabadilika mkononi mwako.

Kuna alama nyingine ambayo wasomaji wengi huiruka: herufi za mlazo, yaani zilizoinamishwa (italiki). Kiingereza huhamisha mkazo kutoka neno moja kwenda jingine na kugeuza maana bila kubadili mpangilio wa sentensi, jambo ambalo sisi hulifanya kwa "ndiye", "ndicho" au kwa kulileta neno mbele. Katika sura ileile Mr Bennet anamwambia mkewe "You want to tell me, and I have no objection to hearing it", na neno la kwanza, "You", limechapwa kwa mlazo. Maana yake ni kwamba mwenye hamu ya kusimulia ni wewe, mimi sikuuliza. Ukilipita bila mkazo, inabaki sentensi ya adabu isiyo na chumvi. Tahadhari moja kwa wanaosoma kwenye simu: mafaili ya maandishi matupu ya Project Gutenberg, maktaba ya bure ya mtandaoni, hayana herufi za mlazo, badala yake neno huwekewa mstari wa chini mbele na nyuma, hivi: _You_. Si kosa la uchapaji. Ni mkazo, na usiuruke.

Kwa Hemingway alama hizi zote zinakauka. Msimulizi hasemi kitu kuhusu sauti za watu. Ni "the girl said" na "the man said" tu, au hata hilo halipo. Katika kitabu chake cha 1932, Hemingway alieleza kwamba mwendo wa siwa barafu, yaani mlima wa barafu unaoelea baharini, una heshima kwa sababu ni sehemu moja tu ya nane inayoonekana juu ya maji, na hadithi zake aliziandika kwa imani hiyo. Kinachobaki kwa msomaji ni marudio. Muda mfupi kabla ya mwisho, Jig anamwomba mwanamume anyamaze, na katika ombi hilo neno "please" limerudiwa mara saba mfululizo. "Please" moja ni adabu. Saba ni mtu aliyefika ukingoni. Ukitoka hapo ukaja kwenye "I feel fine" iliyosemwa mara mbili ndani ya pumzi moja, huwezi tena kuichukua kama taarifa ya afya. Lakini je, ni mtu aliyekata tamaa, au aliyeamua jambo moyoni na sasa anafunga mlango? Wasomaji wanaendelea kubishana, na maandishi yanawaruhusu kubishana. Hiyo ndiyo nguvu ya maandishi ambayo njia nyingine zote zinaipoteza, kama tutakavyoona.

Udhaifu wake pia ni wa kweli. Asiyewahi kusikia Kiingereza kikizungumzwa kwa kasi ya kawaida nyumbani kwa watu atasoma kila sentensi kwa kiimbo cha Kiswahili, ambacho mkazo wake hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho na haurukiruki. Mtu huyo atakosa vitu ambavyo alama za uandishi hazivionyeshi. Maandishi hayatamsaidia hapo hata ayarudie mara ngapi.

Kitabu cha sauti

Hapa ndipo msomaji huyo anapopata dawa. Tangu 2005 LibriVox wamekuwa wakiweka mtandaoni, bila malipo, vitabu vilivyokwisha muda wa hakimiliki vikisomwa na watu wa kujitolea. Pride and Prejudice ipo kwa zaidi ya usomaji mmoja, na kuna ule ambao kila mhusika amepewa msomaji wake. Mstari wa neva ukiusikia kwa sauti, utani unafika bila maelezo: msomaji mzuri hupunguza mwendo kwenye "old friends", huyatamka kwa upole uliopitiliza, na upole huo ndio unaouma. Sikio linajifunza jambo ambalo jicho haliwezi, kwamba kinaya cha Kiingereza mara nyingi hakipandishi sauti bali huishusha.

Kwa anayesoma Antony, sauti ina faida ya pili, nayo ni mapigo ya ushairi. "Honourable" ina silabi zinazoweza kufupishwa au kutandazwa, na anayesema mistari hiyo anaweza kulivuta neno kila linaporudi hadi likasikika limeoza.

Kasoro ni kwamba unachosikia ni uamuzi wa mtu mmoja. Wale wa kujitolea wanatofautiana sana. Wapo wasomao kwa ustadi na wapo wanaosoma kila mhusika kama wanasoma tangazo. Nawe kama mgeni wa lugha huwezi kujua mara moja umeangukia kwa yupi. Kwa Hemingway kasoro inakuwa kubwa zaidi: msomaji wa sauti hana budi kuichagulia "I feel fine" toni moja, na akishaichagua, zile nyingine zimekufa. Kama umesikia kabla ya kusoma, itakuwa vigumu kuliondoa jibu lake kichwani.

Kuna na gharama. Maandishi matupu ya Pride and Prejudice hayafiki MB 1. Usomaji wake wa sauti ni wa saa 11 hivi, na kwa kiwango cha kawaida cha kilobiti 64 kwa sekunde unazidi MB 300. Asiye na bando la kutosha apakue sura mbili tatu zenye mazungumzo mengi, aachane na zilizobaki. Sura ya kwanza peke yake inatosha kulizoesha sikio.

Filamu, na wanaozitafsiri

Filamu ndiyo njia inayopendwa zaidi, na ndiyo inayopotosha zaidi ikitumika peke yake. Inakupa uso, umbali kati ya watu, nani amekaa na nani amesimama, nani anamtazama nani. Kwa Kiingereza cha karne ya 19, ambapo cheo cha mtu kilihesabika katika kila salamu, kuona chumba na mavazi ni msaada mkubwa.

Tazama lakini kinachompata Mr Bennet. Katika mfululizo wa BBC wa 1995, wenye sehemu sita, ameigizwa na Benjamin Whitrow, mkavu, mwenye kujifurahisha kwa ujinga wa wengine. Katika filamu ya 2005 ameigizwa na Donald Sutherland, na humo ni baba mchovu mwenye huruma. Anapomtania mkewe unahisi kwamba anampenda. Zaidi ya hapo, maneno yenyewe yamebadilika: kwenye filamu hiyo neva si "old friends" tena, ni "constant companions". Mwanafunzi aliyetazama filamu ya 2005 tu ataandika kwamba ndoa ya Bennet ni ya upendo wenye mzaha. Atakuwa ameisoma vizuri filamu. Kitabu kinasema vingine, tena kwa ukali, kinapofika mbele na kueleza jinsi mzee huyo alivyokosa heshima kwa mkewe.

Kwa Antony, filamu ni hazina, mradi utazame zaidi ya moja. Ile ya 1953 ina Marlon Brando. Anaanza kwa kupigana na kelele za umati, na kuna mahali anawapa watu mgongo kana kwamba amezidiwa na majonzi, kamera inatuonyesha uso wake, na uso huo unapiga hesabu. Hapo ndipo swali la kama kimya cha Antony ni cha kweli linapojibiwa na muigizaji. Ya 1970 ina Charlton Heston. Mwaka 2012 Royal Shakespeare Company, kampuni ya maigizo ya Uingereza, waliigiza tamthilia hiyo kwa waigizaji weusi, katika mandhari ya Afrika ya leo, Ray Fearon akiwa Antony, na BBC wakaionyesha kama filamu. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki hii ya mwisho naipendekeza kabla ya nyingine. Umati wa kwenye mkutano wa hadhara, kiongozi aliyeuawa, msemaji anayejua lini apaze sauti na lini anong'one: hivi vyote utavitambua bila kuelekezwa, na ukishaitambua hali, toni inajifungua.

Sabtaito, yaani maandishi ya chini ya skrini, zisikudanganye. Nafasi ni ya mistari miwili kwa kawaida, kwa hiyo vijineno kama "well", "oh" na "I say" hukatwa, na mara nyingi toni ilikuwa humo humo. Ukiweza kuchagua, chukua sabtaito za Kiingereza zilizotengenezwa kwa ajili ya wasiosikia. Hizo huandika hata pumzi, mguno na ukimya.

Halafu wapo wenzetu wanaozitafsiri filamu kwa sauti. Tanzania ilikuwa na Lufufu, Kenya ina DJ Afro, Uganda ina mavijei wanaofanya kazi hiyo kwa Kiganda. Wasomi huwapuuza, na mimi naona wanakosea. Mtafsiri wa aina hiyo hakuambii tu mhusika kasema nini, anakuambia kasema kwa nia gani: huyu anamzuga mwenzake, yule ameshashtuka ila anajikausha. Hiyo ni tafsiri ya toni, nayo hutolewa papo kwa papo kwa watu waliokaa kwenye mabenchi ya kibanda cha video. Kwa filamu ya mapigano au ya mapenzi, humwachi bila kuelewa nani anamchezea nani. Kwa Shakespeare au Austen haifai kama njia ya kujifunzia, maana mtafsiri huongeza yake kwa uhuru na sauti ya muigizaji inazama chini ya sauti yake.

Tafsiri ya Kiswahili kando ya Kiingereza

Njia hii ina mipaka ya wazi: vitabu vilivyotafsiriwa ni vichache na vingi havipatikani madukani. Lakini kwa Antony tuna bahati kubwa. Julius Nyerere aliitafsiri Julius Caesar, ikatoka 1963, kisha akaipitia upya na kuitoa 1969 kwa jina Juliasi Kaizari. Mwaka huohuo wa 1969 ikatoka tafsiri yake ya pili ya Shakespeare, Mabepari wa Venisi (The Merchant of Venice). Aliifanya kazi hii kwa mistari ya kishairi isiyo na vina, kama ilivyo asili yake, na aliifanya akiwa mtu aliyejua mwenyewe kuhutubia umma. Weka vitabu viwili mezani, soma hotuba ya Antony mstari kwa mstari, na kila penye tofauti jiulize mtafsiri aliona nini kilichokupita wewe.

Kiswahili kina vijineno vinavyobeba toni waziwazi: eti, kumbe, mbona, ati. Kiingereza mara nyingi hulazimika kuitia toni hiyo sautini. Kwa hiyo zoezi lenye manufaa hata pasipo tafsiri iliyochapwa ni kuitafsiri sentensi mwenyewe na kuona ni kijineno gani kinataka kujiingiza. Mr Bennet anapokea "mbona" bila shida: mbona neva zako nazistahi sana. Antony je? Ulimi unawasha kusema "eti Brutus ni mtu wa heshima". Ukisema hivyo umemharibia mpango. Amekula ahadi ya kutolaumu, na wauaji wana visu. Sifa lazima ibaki safi usoni, na sumu iwe kwenye kurudiwa kwake. Aliyekulia kwenye mipasho ya taarabu na majina ya kanga anajua hasa ninachosema: fumbo likishatajwa mlengwa si fumbo tena. Kwa hiyo tafsiri inayosaidia sana inaweza kuwa ndiyo inayopoteza zaidi, na kukataa kijineno kunakufundisha toni kuliko kukikubali.

Kwa Hemingway, jaribio hilo ni gumu kupita kiasi. "Niko sawa", "sina neno", "mimi mzima": kila moja inampeleka Jig mahali tofauti. Usichague haraka. Ziandike zote tatu pembeni mwa ukurasa.

Ukitaka mazoezi mepesi kuliko Shakespeare, Shamba la Wanyama ya Fortunatus Kawegere, tafsiri ya 1967 ya Animal Farm ya George Orwell, ni mahali pazuri pa kuanzia. Squealer, nguruwe msemaji wa watawala, anapowauliza wanyama kama kuna anayetaka Jones, mkulima waliyemfukuza, arudi, Orwell anasema wazi kwamba anauliza karibu kwa kubembeleza huku akirukaruka na kupunga mkia. Toni imeelezwa, umbo la swali ni la kuomba, na nia ni ya kutisha. Kuona jinsi tabaka hizo tatu zinavyokaa katika Kiswahili ni somo tosha la wiki moja.

Kiingereza cha Afrika ni jambo jingine

Yote niliyosema hapo juu yanageuka ukishika kitabu cha mwandishi wa Kiafrika, na wanafunzi wetu wengi husoma hivyo zaidi. Katika Things Fall Apart ya Achebe, ya 1958, Okoye anakwenda kwa Unoka kudai kauri mia mbili. Hadai waziwazi, anazunguka kwa methali. Unoka anacheka kwa sauti, anamwonyesha ukutani mistari ya chaki ya madeni makubwa zaidi, anasema atalipa, ila si leo, na kwamba madeni makubwa huanza kulipwa. Okoye anaikunja ngozi yake ya mbuzi na kuondoka. Msomaji wa London anahitaji maelezo ya kwa nini hakuna aliyegombana. Msomaji wa Kiswahili hahitaji. Hapa maandishi peke yake yanatosha, na kitabu cha sauti kilichosomwa kwa lafudhi isiyo yake kinaweza hata kukuharibia. Tafsiri ipo pia: Shujaa Okonkwo ya Clement Ndulute.

Kwa Wole Soyinka nasema kinyume. Katika The Trials of Brother Jero, Chume, mfuasi wa nabii Jero, akipandwa na jazba kwenye sala anahama kutoka Kiingereza cha kawaida kwenda Pijini ya Nigeria. Kuhama huko ndiko toni yenyewe, na asiyeijua Pijini kwa sikio ataona makosa ya sarufi badala ya moyo uliochemka. Hapo tafuta igizo la Wanaigeria wenyewe, lisikilize kwanza, kisha urudi kwenye kitabu.

Uchague ipi

Anayejiandaa kwa mtihani asome maandishi kwanza, apigie mstari majibu ya wasikilizaji na maneno yanayorudiwa, ndipo atazame igizo. Asitazame moja, atazame mawili ya tukio lilelile, hata dakika kumi tu kila moja, na aandike yanatofautiana wapi. Kama kitabu chake ni cha lugha nyingine kilichoingizwa kwenye Kiingereza, kama A Doll's House ya Ibsen iliyotahiniwa Kenya na ambayo asili yake ni Kinorwe cha 1879, ajue kwamba maneno ya filamu huenda yasilingane na ya toleo lake, na asinukuu kutoka kwenye skrini.

Anayesoma kwa raha na ana Kiingereza cha shule tu, sikio lake likiwa halijazoea, aanze na sauti. Sura moja isikilizwe huku macho yakiwa kwenye kitabu, kisha aendelee mwenyewe kimya. Kwa riwaya za zamani za Uingereza ndiyo njia ya bei nafuu yenye faida ya haraka kuliko zote. Hadithi fupi zenye ukimya mwingi kama za Hemingway aziondoe kwenye orodha hiyo. Hizo zisomwe kwa macho kwanza.

Mwalimu mwenye darasa kubwa na spika moja ana njia isiyohitaji mtandao kabisa: wanafunzi watatu wausome mstari mmoja kwa toni tatu, na darasa liseme ni ipi ambayo jibu la mhusika anayefuata linaikubali. Miongozo ya mitihani inayouzwa vibandani itakupa neno "kejeli" na kuishia hapo, kwa hiyo iwe ya mwisho.

Mfasiri ndiye pekee ninayemwambia asisikilize wala asitazame chochote hadi rasimu ya kwanza iishe. Akishasikia sauti ya muigizaji, ataitafsiri sauti hiyo badala ya ukurasa. Rasimu ikiisha, atafute maigizo mengi kadiri awezavyo, na kila panapotofautiana na rasimu yake apatie alama, maana hapo ama yeye ameona kitu, au kimempita.